Harry Thuku na Simu ya London

Ukivuka Ziwa Alberti kutoka Kasenyi, unafika Uganda. Ukizidi kwenda upande wa jua kutokea, safari ya siku nyingi kwa miguu, unafika Kenya, na ndani ya Kenya uko mji mkubwa wa Nairobi. Karibu na mji huo, mahali panapoitwa Kambui katika nchi ya Wakikuyu, alizaliwa mtoto mwanamume mwaka wa 1895. Jina lake Thuku. Mwaka huo huo Waingereza walitangaza kwamba nchi ile iko chini ya ulinzi wao. Basi mtoto Thuku na utawala wa Waingereza walikua pamoja.

Baba yake alikufa Thuku angali mdogo. Alipopata miaka kumi na miwili hivi, alikwenda kukaa katika misioni ya Waprotestanti wa Amerika pale Kambui. Huko alijifunza kusoma na kuandika, akafanya kazi za nyumbani za misioni, akapata na jina la Harry. Alikaa miaka minne. Halafu, mwaka wa 1911, akashika njia kwenda Nairobi kutafuta kazi.

Nairobi ulikuwa mji mchanga. Mwaka wa 1899 palikuwa kambi ya wajenga reli tu, penye maji na majani. Sasa palikuwa na maduka ya Wahindi, benki, ofisi za Serikali na hoteli za Wazungu. Kijana kutoka mashambani angeweza kupotea hapo, naye Harry alipotea kidogo. Alishikwa kwa kutumia hati ya uongo ya kutolea fedha benki, akafungwa miaka miwili. Kosa hilo lilikuwa lake, wala halifichwi. Lakini alipotoka gerezani hakurudi katika njia ile. Alipata kazi katika nyumba ya kupigia chapa gazeti, na kazi hiyo ndiyo iliyombadilisha.

Kazi yake ilikuwa kupanga herufi. Siku zile kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi, tena imegeuzwa kama uso katika kioo. Mpangaji huokota herufi moja moja, akaziweka kwa mstari mpaka zimekuwa maneno, na maneno yakawa ukurasa. Mtu wa kazi hiyo husoma kila neno polepole kuliko mtu mwingine yeyote. Gazeti lile lilikuwa la masetla. Hivyo kila siku Harry Thuku aliyasoma, herufi kwa herufi, mambo ambayo masetla waliandikiana.

Nani hao masetla? Ni Wazungu waliokuja Kenya si kwa kutawala wala kwa kuhubiri, bali kwa kukaa na kulima. Wakubwa wa Serikali ndio waliowaita, ili reli iliyojengwa kutoka Mombasa mpaka ziwa la Viktoria ipate mizigo ya kubeba. Mkubwa wao alikuwa Lord Delamere, tajiri mwenye mashamba mapana. Walipewa nchi nzuri ya milimani yenye baridi na mvua. Sheria ya mwaka wa 1915 iliwapa hati za ardhi za miaka 999. Mfikirieni mtu anayepewa shamba kwa miaka 999! Mwafrika hakupewa hati hata ya mwaka mmoja. Katika upande wa Kiambu, kwao Thuku, Wakikuyu wengi waliamka wakaambiwa kwamba shamba la babu yao sasa lina bwana mwingine, nao wakitaka kubaki pale yawapasa wamfanyie kazi.

Wazee wa Ituri waliita Serikali ya Wabelgiji Bula Matari. Machoni pao Mzungu wa Serikali, Mzungu wa dhahabu ya Kilo na Mzungu wa shamba walikuwa kama mwili mmoja. Katika Kenya pia watu wengi waliona hivyo. Lakini Thuku, kwa kupanga herufi za barua za masetla, aliona kwamba mwili ule una ufa. Masetla walinung'unika daima juu ya Serikali ya London. Walisema wakubwa wa mbali hawaijui Kenya. Walitaka nchi zaidi, walitaka wafanya kazi kwa mshahara mdogo, tena walitaka kujitawala wenyewe pasipo mtu wa London kuwazuia. Lakini hawakufika watu 10,000, na Waafrika walikuwa zaidi ya milioni mbili. Walikuwako pia Wahindi, zaidi ya 20,000, nao walikuwa na ugomvi wao na masetla.

Juu ya wote alikuwako Gavana, aliyekaa Nairobi. Gavana alitumwa na Waziri wa Makoloni wa London. Kazi yake ilikuwa kumtii Waziri, lakini majirani aliokula nao na kuzungumza nao kila siku walikuwa masetla.

Mwaka wa 1914 vita kubwa vya Ulaya vikaanza, vikafika Afrika. Waingereza wa Kenya walipigana na Wajerumani wa Tanganyika. Watu wa Kongo pia walibeba mizigo ya vita vile, mpaka Tabora ilipotekwa mwaka wa 1916. Kwa Kenya, vijana wengi sana walikamatwa kuwa wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi, bali kwa njaa, homa na kuhara. Vita vilipokwisha mwaka wa 1918, askari Wazungu walipewa mashamba kuwa zawadi yao. Waafrika waliorudi walipewa kipande.

Kipande kilikuwa karatasi yenye jina la mtu, alama za vidole vyake, na maandiko ya kila bwana aliyemfanyia kazi. Kiliwekwa ndani ya kikopo cha chuma, na mtu alikivaa shingoni kwa kamba. Kila mwanamume aliyefika miaka kumi na sita alipaswa kuwa nacho. Akiacha kazi bila ruhusa, kipande kilimfichua popote alipokwenda. Akikamatwa bila kipande, alifungwa au alilipa faini. Watu wazima walisema kwamba wamevikwa kengele kama mbuzi.

Tena Gavana Northey, aliyekuwa askari kabla ya kuwa Gavana, aliwaandikia wakubwa wa wilaya mwaka wa 1919 kwamba wawahimize machifu kutoa watu wa kazi kwa mashamba ya masetla, hata wanawake na watoto. Kuhimiza kwa mkubwa ni amri kwa mdogo. Machifu walituma askari wao vijijini. Wasichana walipelekwa mbali kuchuma kahawa, wakalala huko, na wengine waliharibiwa heshima yao. Maaskofu na wamisionari wa Kenya waliandika kupinga baadhi ya mambo hayo, na maneno yao yakasikiwa mpaka Uingereza.

Kodi nayo ilipanda mpaka shilingi 16 kwa mwaka. Halafu mwaka wa 1921 bei ya mazao ilianguka, na masetla wakakata shauri la kupunguza mishahara kwa theluthi moja. Fanyeni hesabu. Mtu aliyepata shilingi 12 kwa mwezi angepata 8 tu. Basi ili kulipa kodi yake peke yake angefanya kazi miezi miwili mizima, naye bado hajala, hajavaa, wala hajalipa chochote kwa ajili ya watoto.

Wakati huo Harry Thuku alikuwa karani wa simu katika ofisi ya hazina ya Serikali mjini Nairobi. Alikuwa na kazi safi na mshahara wa kumtosha. Kama angalinyamaza, hakuna mtu angalimgusa. Lakini mwezi wa Juni mwaka wa 1921 yeye na vijana wenzake waliunda chama cha Wakikuyu. Baada ya wiki chache waliona kwamba kipande hakichagui kabila, wakakibadilisha jina kikawa Chama cha Afrika ya Mashariki, wakawaingiza Wajaluo, Wakamba, Waganda na wengine waliofanya kazi mjini. Walisema Kiswahili katika mikutano, maana ndiyo lugha iliyowaunganisha.

Machifu wa Wakikuyu walikuwa na chama chao wenyewe. Nao waliumia kwa ajili ya ardhi na kodi, lakini njia yao ilikuwa kupeleka mashtaka kwa wakubwa wa wilaya, na wakubwa wawapelekee Gavana. Njia hiyo ilikuwa ya adabu, tena ilikuwa ya polepole, na mashtaka mengi yalilala katika meza ya katikati. Thuku akafikiri namna nyingine. Kama kuna ufa kati ya masetla na London, kwa nini neno la Waafrika lisipite juu ya kichwa cha Gavana, liende moja kwa moja London?

Tarehe 10 mwezi wa Julai mwaka wa 1921 watu wengi walikusanyika Nairobi. Walikubaliana juu ya mashtaka yao: kipande, kodi, kazi ya lazima ya wanawake na wasichana, ardhi isiyo na hati, na ukosefu wa shule. Halafu Thuku akayapeleka kwa simu ya waya mpaka London. Simu ya namna hiyo ililipiwa kwa kila neno, na ilifika upesi sana, mahali ambapo barua ingechukua wiki kadhaa baharini. Mhindi mmoja mwenye gazeti, Manilal Desai, alimsaidia.

Simu hiyo iliwakasirisha watu wa namna mbili. Wakubwa wa Serikali walikasirika kwa kurukwa. Machifu walikasirika kwa sababu hawakuulizwa, na pia kwa sababu Thuku aliwataja Wahindi kuwa marafiki wa Waafrika. Hapo Thuku alikosa busara kidogo. Kijana wa miaka ishirini na sita alisema kwa jina la wazee bila kukaa nao kwanza, na tangu siku ile machifu wengi walikuwa adui zake. Serikali ilimwambia achague kazi yake au chama chake. Alichagua chama, akaondoka katika ofisi.

Lakini maneno kutoka Kenya hayakuanguka bure. Mwezi wa Septemba mwaka huo Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, aliagiza kwamba wakubwa wa Serikali wasitafute tena watu wa kazi kwa ajili ya masetla. Amri hiyo ilitokana na malalamiko mengi, hasa ya watu wa dini na ya wabunge wa Uingereza. Hata hivyo ilionyesha kwamba London iliweza kuwazuia masetla ikipenda.

Thuku akaanza kuzunguka nchi, katika Kiambu na mpaka Murang'a. Alitoa pia karatasi ya habari kwa Kiswahili, jina lake Tangazo. Watu waliacha majembe wakaja kumsikiliza kwa maelfu. Aliwaambia wasikubali kuwatoa wanawake wao kwa kazi ya lazima, na kwamba vipande vyote vikusanywe na kurudishwa kwa Gavana mlangoni pake. Kwa masikio ya Serikali hayo yalikuwa maneno ya uasi. Kwa masikio ya mama aliyenyang'anywa binti yake yalikuwa faraja.

Usiku wa tarehe 14 mwezi wa Machi mwaka wa 1922 polisi walimkamata Thuku, wakamweka kituoni Nairobi. Asubuhi habari zilienea. Wafanya kazi waliacha kazi. Wapishi, makarani, wafagiaji, wote walikwenda kituoni. Tarehe 16 watu walikuwa maelfu mbele ya kituo. Hawakuwa na silaha isipokuwa fimbo na mawe. Ng'ambo ya barabara ilikuwako Hoteli ya Norfolk, ambapo masetla walizoea kukaa barazani.

Watu sita walichaguliwa kwenda kuzungumza na mkubwa wa Serikali. Walirudi wakasema kwamba Thuku hatafunguliwa, ila hatadhuriwa. Basi watu waende nyumbani. Wanaume walianza kugeuka. Hapo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama mbele akawaaibisha wanaume kwa desturi ya Wakikuyu ambayo mwanamke huifanya hasira ikiwa imepita kiasi. Aliwaambia kwamba kama wanaogopa wampe suruali zao, wao wavae nguo zake. Wanawake wote walipiga vigelegele. Umati ukasukumana kuelekea mlango. Askari polisi, Waafrika wenye bunduki za Serikali, wakapiga. Watu walioshuhudia walisema kwamba risasi zilitoka pia upande wa hoteli.

Nyanjiru alianguka akafa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine waliohesabu walisema ni zaidi ya mara mbili. Katika waliokufa mlikuwa na watu ambao hawakuwahi kumwona Thuku kwa macho; walikuja kwa sababu ya kikopo kilichoning'inia shingoni mwao.

Thuku hakupelekwa mbele ya mwamuzi hata siku moja. Alipelekwa Kismayu, mji wa pwani katika nchi kavu ya Wasomali, mbali sana na milima ya kwao. Mwaka wa 1925, Waingereza walipowapa Waitalia nchi ile, alihamishwa Lamu, kisha Witu, na mwisho Marsabit kaskazini. Karibu miaka tisa alikaa uhamishoni.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea Thuku akiwa Kismayu. London ilitaka kuwapa Wahindi wa Kenya haki zaidi katika kupiga kura. Masetla waliwaka hasira. Mwanzoni mwa mwaka wa 1923 walifanya shauri la siri la kuasi. Walihesabu bunduki zao. Waligawana kazi: hawa wataishika reli, hawa wataishika simu, na wengine watamkamata Gavana mpya, Coryndon, na kumficha katika shamba la mbali. Inasimuliwa kwamba walimchagulia shamba lenye mto mzuri wa kuvua samaki, ili asichoke kungoja. Ndio hao hao waliosema kwamba mtu aliyetuma simu ni mwasi. Katika wao hakuna aliyepelekwa Kismayu.

London iliogopa. Haikuweza kuwapiga risasi watu wa damu yake, wala haikutaka kuwaudhi watu wa India. Ikawaita wote kuzungumza. Lord Delamere alikwenda, na wajumbe wa Wahindi walikwenda. Mwafrika hakuitwa, mmisionari mmoja alikuwako, naye alifikiriwa kuwa anatosha kusema kwa ajili yao. Mwezi wa Julai mwaka wa 1923 Waziri mpya wa Makoloni, Duke wa Devonshire, alitoa hati. Hati ilisema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba faida ya Waafrika itangulie faida ya wageni wote zikipingana. Masetla hawakupewa ruhusa ya kujitawala.

Maneno hayo yalikuwa makubwa. Kwa miaka arobaini Waafrika waliyashika na kuwakumbusha Waingereza kila walipoyasahau. Lakini milima yenye baridi ilibaki ya Wazungu peke yao, na kipande kilibaki shingoni. Katika baraza la kutunga sheria Waafrika walisemewa na mmisionari, na Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka wa 1944 tu. Mtu aliyekuwa ameomba kwa simu kwamba London iamue alikuwa amefungiwa kando ya bahari wakati London ilipoamua.

Thuku aliporudi Kambui mwanzoni mwa mwaka wa 1931, watu walimpokea kwa furaha kubwa. Mwaka wa 1932 walimfanya mkuu wa chama chao kikubwa. Lakini aliyerudi hakuwa yule kijana aliyeondoka. Aliona kwamba wanachama walitaka kukimbia kuliko miguu yao. Waligombana, naye mwaka wa 1935 akaunda chama chake kidogo, chenye kuahidi kuitii Serikali na kudai haki kwa njia ya sheria. Mwaka wa 1952, vita vya Mau Mau vilipoanza kwa ajili ya ardhi ile ile, Thuku aliwapinga wapiganaji waziwazi. Wengi waliokuwa wamemwimba zamani hawakuelewa. Wengine walisema Marsabit ilimvunja moyo. Wengine walisema yeye ndiye aliyeona kwa macho yake bei ya siku moja ya risasi.

Alibaki mkulima. Kwa miaka mingi Wakikuyu walikatazwa kupanda kahawa, isije ikashindana na kahawa ya masetla. Katazo lilipoondolewa, Thuku alipanda, na kahawa yake ikawa nzuri. Mwaka wa 1959 aliingia katika baraza la chama cha wakulima wa kahawa wa Kenya, Mwafrika wa kwanza kukaa katika meza ile pamoja na Wazungu. Bendera ya Waingereza iliposhushwa Nairobi mwezi wa Desemba mwaka wa 1963, alikuwa angali hai. Alikufa tarehe 14 mwezi wa Juni mwaka wa 1970, akiwa na miaka sabini na mitano.

Barabara ile inayopita kati ya kituo cha polisi na Hoteli ya Norfolk, ambapo Nyanjiru na wenzake walianguka, ilipewa jina lake. Magari na wanafunzi wa chuo kikuu hupita hapo kila siku, na kibao kimeandikwa Harry Thuku.